Bango linaonekana, redio haisikiki: kwa nini stesheni hujitangaza zisikoshika

Ukitoka Nairobi kwa barabara kuu yoyote, mabango ya redio hukusindikiza mbali kuliko redio zenyewe. Watangazaji wa kipindi cha asubuhi wanakuchekea kutoka juu ya nguzo, vipaza sauti mkononi, na kando yao namba ya masafa imeandikwa kubwa kuliko jina la stesheni. Abiria aliyeketi mbele anamwomba dereva ajaribu hiyo namba. Dereva anaitafuta, redio inakwaruza, kisha anaingia mhubiri wa stesheni nyingine kabisa, kashika kasi, hana habari na mtu. Gari zima linacheka, halafu linakuja lile swali: hivi hawa watu hawajui redio yao inaishia wapi?

Wanajua vizuri sana. Stesheni yenye leseni hupangiwa masafa na Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, CA, na pamoja na namba hiyo huelezwa mtambo utasimama wapi na utarusha kwa nguvu isiyozidi kiasi gani. Mhandisi akishakuwa na hayo matatu, kuchora ramani ya mahali matangazo yatakakofika ni kazi ya kompyuta. Kwa hiyo bango likisimama nje ya ramani, mara nyingi kuna aliyeamua liwe hapo, au kuna mapatano yaliyolifikisha hapo.

Kinachotatiza ni kwamba mambo mawili yamesokotana: moja ni la mawimbi, jingine ni la biashara. Nitaanza na mawimbi, kwa sababu watu wengi hudhani usikivu wa redio una mpaka kama wa kaunti, kwamba hapa uko ndani na hatua moja mbele uko nje. Hauko hivyo hata kidogo.

Usikivu si duara

FM hutumia masafa ya kati ya megahezi 87.5 na 108. Wimbi lake lina urefu wa kama mita 3, na tofauti na lile la mediamu wevu ambalo wazee wetu walisikilizia taarifa ya habari kutoka mbali, hili halipendi kuufuata mviringo wa dunia. Husafiri karibu moja kwa moja. Swali kubwa basi ni kama mlingoti na antena yako vinaonana.

Mafundi wana hesabu fupi ya jambo hili. Chukua urefu wa mlingoti kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12, na jibu ni kilomita. Mlingoti wa mita 100 uliosimama kwenye tambarare unaona hadi kilomita 41 hivi. Uhamishie mlingoti uleule juu ya kilima kinachoizidi tambarare kwa mita 500, sasa unaona kilomita 100 na ushei. Nguvu ya mtambo haijaguswa. Kilichobadilika ni kimo tu.

Ndiyo maana milingoti mingi inayohudumia Nairobi imepandishwa Limuru na vilima vya Ngong. Limuru iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, ilhali katikati ya jiji ni kama mita 1,700, na Athi River ni chini zaidi. Ukirusha kutoka kule juu kuelekea kusini mashariki, hakuna cha kukuzuia: nyanda za Athi na Kapiti ziko wazi, na redio hukimbia nazo hadi vilima vya Ukambani vianze kuikatakata.

Geuka magharibi uone kisa kingine. Limuru iko ukingoni mwa Bonde la Ufa. Ukiteremka kutoka Rironi kwenda Mai Mahiu, unaweza kuwa kilomita chache tu kutoka kwenye mlingoti kwa mwendo wa ndege, na bado redio ikakupotea, kwa sababu ukuta wa bonde umesimama kati yenu, na stesheni inayowalenga watu wa jijini haina haja ya kuelekeza nguvu zake bondeni. Barabara ya Magadi ina tabia hiyohiyo: Rongai sawa, Kiserian sawa, ukishapita Kona Baridi na kuanza kushuka kuelekea Oltepesi, mgongo wa Ngong unakuwa nyuma yako na stesheni zinaanza kudondoka moja baada ya nyingine. Njia ya Murang'a ni mchezo wa kupanda na kushuka. Kwenye mgongo wa kilima redio inashika, chini mtoni inakoroma, ukipanda ng'ambo inarudi katikati ya sentensi.

Kwa hiyo bango lililo kilomita 60 upande mmoja wa jiji linaweza kuwa ndani ya usikivu mzuri, na lililo kilomita 40 upande mwingine likawa nje kabisa. Msafiri hana ramani hiyo kichwani. Yeye anahesabu kilomita, na kwa kilomita atahukumu vibaya.

Ramani ya mita kumi

Hata hiyo ramani ya mhandisi inahitaji kusomwa kwa jicho kali. Shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, limeweka viwango vya nguvu ya mawimbi vinavyohitajika ili FM ya stereo isikike vizuri: desibeli 54 mashambani, 66 mijini, na 74 katika miji mikubwa, zikipimwa kutoka mikrovolti moja kwa mita. Namba hizo zinaonekana kukaribiana, lakini desibeli hudanganya macho. Tofauti ya desibeli 20 kati ya shamba na jiji kubwa ina maana kwamba jijini unahitaji mawimbi yenye nguvu mara kumi ya yale yanayotosha kijijini. Sababu ni kelele za umeme, ambazo jiji limejaa: injini, taa, chaja za bei rahisi, mashine za kila aina, zote zikizomea kwenye masafa yaleyale.

Hapa pana jambo linalopindua swali letu. Mawimbi yanayomtosha vizuri mchungaji wa ng'ombe Kapiti hayamtoshi mwenye duka River Road. Stesheni hafifu inaweza kusikika safi karibu na bango lake la kule tambarare na kukwaruza chini ya bango lake la katikati ya jiji. Nani amesema nje ya usikivu ni lazima iwe mbali?

Kisha kuna suala la kimo. Vipimo hivyo vya ITU huchukuliwa mita 10 kutoka ardhini, yaani kana kwamba kila msikilizaji ana antena juu ya paa la ghorofa. Zamani huko ambako viwango hivi vilianzia, watu walikuwa nazo. Sisi tunasikilizia kwenye gari, antena ikiwa mita moja na nusu, au kwenye kabambe, ile simu ndogo ya vitufe, mfukoni. Ukiteremka kutoka mita 10 hadi usawa wa boneti ya gari, nguvu ya mawimbi huweza kushuka hadi theluthi moja hivi. Ramani inayosema tunafika huenda ni ya kweli kabisa kwa njiwa aliyetua kwenye paa.

Redio yenyewe pia hukuficha ukweli. Mawimbi yakipungua, redio nyingi za magari huacha stereo taratibu na kuingia mono, kwa sababu mono huvumilia uhafifu zaidi. Viwango vya ITU vyenyewe vinakubali hilo: kwa mono mashambani zinatosha desibeli 48. Msikilizaji hasemi kwamba stereo imekatika. Anachohisi ni muziki kupoa, basi. Kwa hiyo kati ya pale inaposikika safi na pale isiposikika kabisa kuna ukanda mrefu wa inasikika-sikika, na ukanda huo ndio unaobishaniwa. Mwuzaji wa matangazo atautia ndani. Mshindani wake atautoa.

Mwishoni mwa ukanda huo ndipo anapoingia yule mhubiri. FM ina kawaida yake: redio ikipata stesheni mbili kwenye namba moja, haizichanganyi. Hushika yenye nguvu zaidi, hata kwa tofauti ndogo, na kuinyamazisha nyingine. Kwa kuwa namba ni chache na stesheni ni nyingi, namba inayotumika Nairobi hutumiwa tena na stesheni nyingine mbali na Nairobi. Gari likiwa kati ya maeneo hayo mawili, kila kilima kinaamua upya nani asikike. Unapanda na benga, unashuka na mahubiri, unapanda tena unakuta benga imefika ubeti wa mwisho.

Mjini kuna kero ya aina yake ambayo haina uhusiano na umbali. Mawimbi hugonga majengo na kurudi, yakikutana na yale yaliyokuja moja kwa moja. Mahali pengine yanasaidiana, mahali pengine yanauana, na kwa wimbi la mita 3 sehemu hizo mbili hupishana kwa chini ya mita moja. Kila anayekaa kwenye foleni ya asubuhi ameliona hili hata kama hajawahi kulifikiria: gari limesimama, redio inakwaruza; la mbele linasogea, nawe unasogea hatua mbili, redio inakuwa safi kama haikuwahi kuugua. Hakuna aliyeongeza nguvu. Tairi ndiyo iliyozunguka nusu.

Gari la Japani

Kabla sijaingia kwenye biashara kuna jambo moja la Kenya ambalo halimo katika ramani ya mhandisi yeyote, nalo huenda linazifanya namba nyingi kwenye mabango zisifae kitu kuliko hata milima.

Magari mengi ya Nairobi ni mitumba kutoka Japani. Kule Japani FM huanzia megahezi 76, na kwa miaka mingi iliishia 90. Redio iliyokuja na gari haikutengenezwa kwenda 108. Suluhisho la mtaani ni ekspanda, kijisanduku kidogo kinachofungwa kati ya antena na redio, ambacho hushusha masafa yote kwa kiasi fulani ili yaingie kwenye dirisha la redio hiyo. Kijisanduku kinachoshusha kwa megahezi 14 kitaileta 98.4, ambayo ni Capital FM, kwenye 84.4 ya redio yako. Lakini 105.2, ambayo ni Classic 105, kitaishusha hadi 91.2, na redio inayogota 90 haina mahali hapo. Ukitaka kuipata, fundi akufungie ekspanda inayoshusha zaidi, na hapo utapoteza za chini. Ghetto Radio, iliyo 89.5, haiwezi kuwa pamoja na 105.2 ndani ya dirisha la megahezi 14 hata ufanyeje. Zimeachana kwa 15.7.

Kwa hiyo dereva aliye chini kabisa ya bango, mbele ya mlingoti, usikivu asilimia mia, huenda akaisoma namba iliyoandikwa na isimsaidie lolote. Namba yake ni nyingine, aliipata kwa kubahatisha siku aliyochukua gari, akaihifadhi kwenye kitufe cha tatu, na hadi leo hajui masafa halisi ya stesheni anayoipenda. Tena ekspanda za bei ya chini hupunguza nguvu ya mawimbi na kuongeza kelele, kwa hiyo gari hilo hupoteza stesheni mapema kuliko gari lililotengenezwa kwa soko letu. Ukanda wa inasikika-sikika wa gari moja ni kimya kitupu kwa jingine lililo nyuma yake.

Ule ufundi wa RDS, unaowezesha redio kuruka yenyewe kwenda namba nyingine ya stesheni ileile gari linapobadilisha eneo, ungepunguza tatizo hili kwa stesheni za nchi nzima. Lakini Japani haikuufuata mfumo huo, na redio zake kwa kawaida hazinao. Dereva wetu atatafuta kwa mkono.

Bango linasema na nani

Sasa biashara. Kosa la abiria yule wa kiti cha mbele ni kudhani bango linasema na yeye, pale alipo, dakika ile. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi linasema na mtu mwingine, au na yeye huyohuyo lakini saa nyingine.

Angalia kwanza limeelekea wapi. Bango la barabara kuu lina uso wa wanaoingia jijini na uso wa wanaotoka. La wanaoingia, hata likiwa nje ya usikivu, lina akili: msafiri wa Mombasa aliyekaa njiani kilomita karibu 480 ataingia kwenye mawimbi baada ya muda mfupi, na jina la stesheni litakuwa bado bichi kichwani. La wanaotoka linaahidi kitu kinachopungua kwa kila kilomita. Mimi nikitaka kujua kama stesheni imefikiri au imejitupa, huu ndio mtihani wangu wa kwanza, na haugharimu kitu zaidi ya kugeuza shingo.

Kisha fikiria watu wanaolala nje na kushinda ndani. Kitengela, Ngong, Juja, Thika, hadi Machakos, maelfu hupanda matatu alfajiri na kurudi usiku. Bango lililo karibu na kwao linawasindikiza hadi mahali redio inaposhika. Stesheni haihitaji asikilize jikoni kwake, inahitaji asikilize kwenye gari kati ya saa kumi na mbili na saa tatu asubuhi, kwa sababu hicho ndicho kipindi kinachouzwa ghali zaidi. Isitoshe kwenye matatu namba huchaguliwa na dereva. Bango lililo mbele ya kituo cha mafuta ambako madereva hujaza tangi linaweza kumfikia mtu mmoja anayewachagulia abiria 14.

Sababu ya tatu ndiyo nzito, na ndiyo isiyosemwa hadharani. Redio haiuzi vipindi kwa wasikilizaji. Inauza wasikilizaji kwa watangazaji biashara. Idadi ya wasikilizaji hao hupatikana kwa utafiti, na utafiti huo kwa sehemu kubwa ni wa kumuuliza mtu alisikiliza nini: kwa simu, kwa ujumbe mfupi, kwa daftari, kwa mahojiano ya nyumbani. Anayejibu hutegemea kumbukumbu. Jana alisikia redio tatu, moja kwenye duka, moja kwenye matatu, moja kwa jirani, na hakuna hata moja aliyoichagua mwenyewe. Akiulizwa, linalomjia mdomoni ni jina alilokutana nalo mara nyingi, na jina huonwa kwa macho vilevile. Bango halikumfanya asikilize. Limemfanya akumbuke, na kwenye fomu hayo mawili huandikwa mahali pamoja.

Marekani ilipitia haya kwa uwazi zaidi. Kwa miongo mingi kampuni ya Arbitron ilipima redio kwa madaftari ambayo wasikilizaji walijaza wenyewe nyumbani, na stesheni zilijua kwamba kumsaidia mwenye daftari akumbuke jina ni nusu ya kazi. Huko kuna hata stesheni zenye leseni ya mji mdogo wa pembeni zinazojinadi kama za jiji kubwa lililo jirani, ambako mawimbi yao hufika kwa shida. Mabango yao yalisimama jijini, milingoti yao ikiwa mbali, na sheria za FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, zikisema tu kwamba ni lazima ule mji mdogo wa leseni ufikiwe barabara. Kuanzia 2007 Arbitron ikaanza kuleta kifaa kidogo cha kuvaa ambacho kinasikia chenyewe alama iliyofichwa ndani ya matangazo. Kifaa hakikumbuki mabango. Kama kwetu wasikilizaji wangepimwa kwa njia hiyo, nadhani baadhi ya mabango yanayosimama ng'ambo ya usikivu yangeshushwa bila kelele ndani ya mwaka mmoja.

Wa nne anayelengwa ni mtu mmoja tu, au watu thelathini hivi: wale wanaoamua pesa za matangazo ziende wapi. Meneja wa chapa anayekaa Kitengela, mnunuzi wa muda wa hewani katika wakala wa matangazo anayeendesha kwenda Naivasha kila wikendi, mkurugenzi anayeenda ushago Krismasi. Hao wakiona jina la stesheni njia nzima, picha inayojengeka ni ya stesheni kubwa, ya nchi nzima, yenye pesa. Hawatazima muziki wa simu yao kujaribu namba. Jumatatu wakikaa mezani jina litakuwa na uzito zaidi kidogo kuliko Ijumaa.

Na mwisho kuna sababu isiyo na mkakati wowote: lilikuwa tupu. Kampuni za mabango na stesheni za redio zote huuza kitu kinachooza. Muda wa hewani wa saa nane mchana usipouzwa umepotea, na uso wa bango usio na mteja mwezi huu haurudishi kodi yake. Kwa hiyo hubadilishana. Redio inatoa dakika, mwenye mabango anatoa nafasi, pesa haziguswi. Sasa jiulize mwenye mabango atatoa zipi. Hatatoa za Waiyaki Way wala zinazotazama barabara ya juu ya kulipia kutoka Mlolongo hadi Westlands, zile zina foleni ya wateja. Atatoa ile ya mbali iliyokaa muda mrefu na maandishi ya kuomba mteja apige simu. Ukiona bango la redio mahali ambapo huelewi kabisa lilifikaje, sababu hii ndiyo ya kwanza kushuku.

Namba iliyo kwenye jina

Stesheni za nchi nzima zina shida tofauti, na ni haki kuitenganisha. Hizo hurusha kutoka milingoti mingi, na kwa sababu mitambo miwili jirani ikitumia namba moja itavurugana, kila eneo hupewa namba yake. Radio Citizen ni 106.7 Nairobi, mikoani ni namba nyingine. Tena kuna majina yaliyozaliwa na namba ya Nairobi, kama Kiss 100 iliyo 100.3 na hiyo Classic 105, majina ambayo jijini ni anwani na nje ya jiji ni jina tu. Bango la stesheni ya namna hiyo likiwa mbali si uongo hata chembe, mradi namba iliyoandikwa ni ya pale lilipo.

Hapo ndipo wengi huteleza. Turubai huchapishwa kwa pamoja, mchoro mmoja, idadi kubwa, kwa sababu ndivyo bei inavyoshuka. Kisha yanasambazwa. Namba ya jiji inatundikwa kwenye mji mwingine, na msikilizaji mtiifu anaifuata hadi kwa mshindani. Stesheni zilizozoea hukwepa kwa kuacha namba kabisa na kubaki na jina na nyuso, au kwa kuorodhesha namba zote kwa herufi ambazo hakuna anayeendesha kilomita 80 kwa saa anayeweza kuzisoma. Bango lisilo na namba, ukiliona, mara nyingi ni la stesheni inayojua kwamba msomaji wake anahama.

Siku hizi badala ya namba huwekwa jina la programu ya simu, na kweli intaneti haijali Kona Baridi ilimradi mtandao upo. Lakini intaneti hula bando, na FM ni bure. Simu nyingi za kabambe zina redio ya FM ndani, inayotumia waya wa spika za masikioni kuwa antena. Ukichomoa waya, stesheni inakata. Mwenye simu hiyo hataambiwa apakue kitu.

Sheria inasemaje

Kidogo mno. Leseni ya CA hushughulikia mtambo, masafa na maudhui. Bango la stesheni lisimame wapi haliwahusu. Kibali cha bango hutoka kaunti, na likiwa kwenye hifadhi ya barabara kuu mamlaka ya barabara nayo ina neno lake. Kaunti inataka ada na nguzo isiyoanguka. Hakuna afisa anayekuja na redio ya mkononi kusikiliza.

Sheria ya Ushindani ya 2010 na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 zinakataza kumpotosha mnunuzi, lakini msikilizaji aliyepotea njia kuelekea kwa mhubiri hajanunua kitu. Hasara yake ni dakika moja na kicheko. Anayeweza kuumia kwa pesa ni yule aliyelipia tangazo akiamini stesheni inasikika mahali bango lake liliposimama, na huyo ana njia fupi kuliko mahakama: aulize kabla ya kulipa. Asiulize mnafika wapi, kwa sababu jibu litakuwa ramani ya mita kumi iliyopakwa rangi ya kijani hadi Emali. Aulize mlingoti upo wapi, namba ya kila eneo ni ipi, na redio ya gari la kawaida inaanza kukwaruza kilomita ya ngapi kwa kila barabara inayotoka jijini. Jibu hilo halimo kwenye karatasi za mauzo. Fundi wa mitambo analo, kwa sababu yeye hulipima kwa kuendesha gari, na mteja anayekaribia kuandika hundi akilitaka, litashushwa kutoka ghorofa ya juu siku hiyohiyo.